Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu: tufundisheni kuandika kozi kabla ya kutudai kozi

Kwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu vya umma na binafsi nchini Tanzania,
Kwa Manaibu wao wanaosimamia Taaluma,
Nakala: Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia.

YAH: MAFUNZO YA KUANDAA NA KUWASILISHA MAANDIKO YA KOZI

Wakubwa zangu, shikamooni.

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni mhadhiri wa kawaida katika chuo kikuu cha umma. Si mkuu wa idara, si mjumbe wa seneti, na chuo changu sitakitaja, maana ninayoyaeleza nimeyasikia pia kwa wenzangu wa vyuo vingine kila tunapokutana kusahihisha au kutahini nje.

Kila msimu wa mapitio ya mitaala unapowadia, barua hutushukia kutoka juu. Kila mwalimu awasilishe muhtasari wa kozi zake, mwenye kozi mpya alete andiko, kiolezo kimeambatishwa, mwisho Ijumaa saa tisa na nusu alasiri. Hakuna anayeuliza kama tunajua kukijaza hicho kiolezo. Basi mtu anafungua faili la mapitio yaliyopita, anabadilisha mwaka, anaongeza kitabu kimoja kilichotoka karibuni, anatuma. Siku hizi kuna njia fupi zaidi: unaiandikia akili mnemba mistari miwili, inakurudishia kurasa sita zilizonyooka kama shati la mgeni rasmi, zenye malengo, mada, tathmini na orodha ya vitabu, vingine havijawahi kuchapishwa na mtu yeyote. Andiko linapita idarani kwa sababu linafanana na maandiko.

Ninachoomba ni hiki: mtufundishe kazi ya kuandaa andiko la kozi kama kazi, mapema, maandiko yetu wenyewe yakiwa mezani, na saa zake mzihesabu kuwa saa za kazi.

Mwalimu wa shule ya msingi, kabla hajakabidhiwa darasa, hukaa chuo cha ualimu akifundishwa kuandika azimio la kazi na andalio la somo. Akienda mazoezi ya kufundisha, mkufunzi hukaa dawati la nyuma na fomu yake. Kipindi kikiisha wanatoka nje, anaambiwa: hapa umeandika "wanafunzi waelewe sehemu", utajuaje wameelewa? Zana yako iko wapi? Dakika kumi za mwisho ulipanga nini? Anarudi kuandika upya. Anafanyiwa hivyo mpaka inaingia damuni.

Sasa mwangalieni mhadhiri. Kwa viwango vilivyooanishwa na TCU, mhadhiri msaidizi huajiriwa akiwa na GPA, yaani wastani wa ufaulu, isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika shahada ya umahiri. Ni viwango vikali na siviombei vishushwe. Lakini vinapima alivyokuwa mwanafunzi. Anaripoti kazini, anasaini mkataba, na muhula ukifunguliwa anakabidhiwa kozi mbili, kipaza sauti na ukumbi wenye watu mia sita. Najua vyuo kadhaa vina mafunzo elekezi ya ufundishaji kwa waajiriwa wapya, na yanasaidia: namna ya kusimama, kutumia projekta, kuuliza maswali. Kuandika kozi tangu karatasi tupu mpaka seneti ni somo ambalo kwa wengi wetu halikuwahi kuwamo.

Mwenye shaka achukue kozi ambayo karibu kila shahada nchini inayo: Mbinu za Utafiti. Ichukueni mihtasari ya idara nne tofauti muiweke sambamba. Mtakuta lengo la kwanza ni "mwanafunzi aweze kuelewa dhana ya utafiti". La pili, "aweze kufahamu aina za utafiti". Kuna mada kumi na nane, zikianza na maana ya utafiti na kuishia na maadili ya utafiti, ambayo hayafikiki kwa sababu wiki za kufundisha ni 15. Tathmini ni alama 40 za kazi za muhula na 60 za UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula. Katika UE kuna swali: taja na ueleze aina tano za sampuli. Mwanafunzi aliyekariri madesa usiku kucha anajibu vizuri, anapata B+. Mwaka wa tatu anapofika kwenye utafiti wake, hawezi kuandika maswali kumi ya dodoso yasiyomwongoza mtu kwenye jibu. Msimamizi wake analalamika kwamba vijana wa siku hizi hawasomi. Kijana alisoma, na alifaulu hicho tulichompimia.

Mhadhiri huyohuyo angekaa na mtu anayejua kazi hii kwa saa mbili, lengo lingeweza kusomeka hivi: "Mwishoni mwa kozi mwanafunzi aandae dodoso la maswali kumi na mawili kuhusu tatizo la eneo lake, alijaribu kwa watu halisi, na aeleze kwa maandishi kwa nini ameondoa au kubadilisha maswali fulani." Ukishaandika hivyo, mambo mengine yanajipanga yenyewe. Mada kumi na nane haziwezi kubaki, utalazimika kuchagua. Semina ya wiki ya sita inapata kazi. UE inabadilika, kwa sababu huwezi kumpima mtu huyu kwa "taja aina tano".

Halafu kuna hesabu ya saa, na hapa ndipo maandiko mengi yanapoanguka bila mtu kuona. Mfumo wetu wa tuzo za vyuo vikuu unasema krediti moja ni saa 10 za kujifunza kwa mwanafunzi wa kawaida, na mwaka wa masomo ni krediti 120, ndiyo maana shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Kozi ya krediti 8 kwa hiyo ni saa 80 za maisha ya kijana. Tuzigawe: mihadhara saa mbili kwa wiki kwa wiki 15, hizo 30. Semina saa moja kwa wiki, 15. Zimebaki 35 kwa ajili ya kujisomea, kufanya kazi za nyumbani, kujiandaa kwa testi na mtihani. Sasa fungua ukurasa wa rejea: vitabu vya lazima vitatu, kila kimoja kurasa mia nne. Nani alikaa akahesabu? Kiolezo kina kisanduku cha "kujisomea" na mtu ameandika namba ya kukamilisha jumla. Nimeona jedwali lililoandikwa saa za maabara katika kozi isiyo na maabara, kwa sababu bila hizo jumla ilikuwa haifiki.

Au tuchukue hili la "mawasilisho ya mwanafunzi mmoja mmoja", kipengele kinachopendwa sana kwa kuwa kinasomeka kama ujifunzaji shirikishi. Darasa lina wanafunzi 600. Mpe kila mmoja dakika kumi tu. Hizo ni dakika 6,000, yaani saa 100. Kozi nzima ina saa 80. Andiko la namna hiyo linaweza kupita ngazi zote za chuo, kwa sababu kila msomaji anatazama kama kipengele kipo, si kama kinawezekana. Muhula ukianza mhadhiri anaachana nacho kimyakimya, anatoa testi mbili za kuchagua jibu, na muhtasari unabaki kwenye faili ukisubiri wakaguzi.

Mtaniambia mafunzo yapo, na ni kweli yapo. Tangu 2006 Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, likishirikiana na DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, limefundisha waratibu wa udhibiti ubora wa vyuo vya kanda hii, na kazi yao inaonekana: vyuo vingi sasa vina kurugenzi au kitengo cha udhibiti ubora, na lugha ya matokeo ya ujifunzaji imeenea. Ila tazameni nani alifundishwa. Ni mkaguzi. Mwandishi alibaki alipokuwa. Matokeo yake tuna watu wanaojua kuonyesha kosa katika andiko, na wachache mno wanaojua kumsaidia mtu aliandike vizuri tangu mwanzo.

Kisha ukaja mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, ulioanza 2021 kwa kipindi cha miaka mitano. Wengi wanaujua kwa majengo. Sisi wa ndani tunaujua pia kwa mapitio ya mitaala na kwa kamati za ushauri za viwanda, ambazo ni wazo zuri kuliko yote niliyoyaona katika mradi ule. Kwa mara ya kwanza mtu wa kiwandani alikaa kwenye meza ya chuo bila kuwa mgeni wa mahafali. Lakini fedha za mradi zina mwisho, na mtaala una mzunguko. Mapitio yatarudi, mradi haupo. Nani katika kila idara atakuwa amebaki na ujuzi wa kuandika? Kwenye vyuo ninavyovijua waliokwenda warsha ni haohao: mkuu wa idara, mratibu, na kijana mmoja anayejua kompyuta. Yule kijana ndiye aliyeandika kozi za idara nzima, zikiwamo za maprofesa ambao hawakuzisoma mpaka siku ya kuzifundisha.

Semina zetu za kawaida nazo tuzitazame bila kuoneana haya. Siku mbili, ukumbi wa hoteli, bango la rangi ya chuo, mgeni rasmi wa saa tatu anafika saa tano. Mtoa mada anaonyesha ngazi sita za kufikiri za Benjamin Bloom, mwanaelimu wa Marekani, zile za 1956, kisha zilivyopangwa upya mwaka 2001. Tunagawiwa orodha ya vitenzi: bainisha, chambua, tathmini, buni. Picha ya pamoja. Chai ya pili ikipita, maswali yanahamia kwenye fomu za malipo. (Sina ugomvi na posho, mtu aliyesafiri kutoka Mpanda hawezi kulala stendi.) Watu wanaondoka na vyeti na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja wa kozi yake. Nyumbani wanafungua muhtasari wao, wanafuta "kuelewa" wanaweka "kuchambua kwa kina". Mtihani unabaki "taja". Hiyo ndiyo athari pekee ya semina ninayoweza kuithibitisha kwa macho.

Mafunzo yanayofaa ni madogo na hayana bango. Watu sita katika chumba cha semina cha chuo chenyewe, alasiri ambayo hakuna vipindi, muhula mzima kabla ya tarehe ya kuwasilisha. Kila mmoja amekuja na muhtasari anaoufundisha sasa pamoja na karatasi ya mtihani wa mwaka uliopita. Wanabadilishana, na ni vizuri msomaji atoke idara nyingine, kwa sababu mtu wa jiolojia akisoma kozi ya sheria hawezi kujaza mapengo kwa anachokijua kichwani. Anauliza maswali ya kijinga, na ndiyo yenye faida. Wiki ya saba mwanafunzi atakuwa anafanya nini? Ukiondoa lengo la tatu, swali gani kwenye mtihani huu litakosa mwenyewe? Hili swali la pili likiulizwa kwa uaminifu, mara nyingi jibu ni kwamba malengo yote yakiondolewa mtihani hautikisiki. Mwenye kozi akishaliona hilo kwa macho yake, huna haja ya kumhubiria.

Katika chumba hicho pawe na mkutubi. Nashangaa sana kwamba mitaala inapita bila yeye. Ndani ya nusu saa anaweza kukuambia kitabu gani kipo nakala mbili kwa wanafunzi mia sita, kipi kinapatikana bure mtandaoni, kipi chuo kimelipia na hakuna anayekifungua, na kipi hakijawahi kuwepo duniani. Hilo la mwisho lilikuwa jambo la nadra. Tangu akili mnemba iingie, si nadra tena.

Wa kutufundisha wapo. Tuna Skuli ya Elimu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tuna vyuo vishiriki vyake vya elimu, DUCE na Mkwawa, ambavyo tangu 2005 vinaandaa walimu wa sekondari kwa wingi, na vyuo vikuu vingine vingi vina kitivo cha elimu ndani ya uzio uleule. Wenzetu hao wanafundisha upangaji wa mtaala na upimaji kila muhula, tena kwa vijana wa miaka ishirini na mmoja. Ukuta uliopo kati yao na sisi wa sayansi, biashara au sheria ni wa heshima tu: profesa wa uhandisi hataki kufundishwa na mhadhiri wa elimu aliye mdogo kwake kwa umri. Ninyi ndio mnaoweza kuubomoa, kwa kuwa mkubwa akianza kukaa darasani, wadogo hawana pa kujificha. Naibu Makamu Mkuu wa Chuo akileta muhtasari wa kozi yake mwenyewe ukasomwa mbele ya watu, mafunzo yatakuwa yameshafanikiwa nusu.

Wenzetu wa vyuo vya kati walio chini ya NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, walianza siku nyingi kuandika kwa mtindo wa umahiri, moduli kwa moduli. Tungeweza kuwaomba ushauri. Hatuwaombi, kwa sababu zilezile za ukubwa.

Sasa niseme kuhusu safari ya andiko lenyewe, maana kuandaa ni nusu, na kuwasilisha ni nusu ya pili ambayo hatuijui kabisa. Andiko linatoka idarani, linakwenda bodi ya kitivo au skuli, kamati ya seneti, seneti, kisha TCU kupitia mfumo wa mtandaoni, ambako husomwa na wataalamu walio nje ya chuo. Kila kituo kina maoni yake. Katika chuo changu maoni hayo yanaishia kwenye barua pepe ya mratibu. Mwandishi anafikiwa na sentensi moja, tena kwa simu: "Wamesema urekebishe matokeo ya ujifunzaji." Yarekebishwe vipi? Lipi kati ya matano? Limekosa nini? Mratibu hajui, ana maandiko mengine thelathini. Mwandishi anabahatisha, anatuma tena, linarudi tena. Mtaalamu wa nje huenda alikaa siku nzima akaandika kurasa tatu za maoni mazuri, na kurasa hizo ndizo zingekuwa mafunzo bora kuliko semina yoyote ya hoteli. Zinafia kwenye simu ya mtu mmoja.

Kwa hiyo naomba rasmi: maoni yote ya kila ngazi yamfikie aliyeandika, kamili, kwa maandishi. Jina la mtahini lifutwe kama ni lazima, maneno yake yabaki.

Na kwa TCU nina ombi lisilo na gharama kubwa. Mmeshasoma maandiko ya kozi mengi kuliko mtu yeyote nchini. Chagueni machache ya fani mbalimbali, futeni majina ya vyuo, yawekeni hadharani pamoja na maoni mliyoyatoa: hili lilipita na kwa nini, hili lilirudi mara mbili na lilirekebishwa hivi. Miongozo ya viwango tunayo, na toleo la 2019 limeeleza mengi. Lakini mwongozo unasema andiko liwe na nini. Mwalimu wa zamu hii anahitaji kuona andiko lililokamilika na kovu zake.

Kuchelewa kuna gharama, na majirani zetu wameionja. Mei 2023 nchini Uganda ilizuka taharuki pale orodha ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, ilipoonyesha programu nyingi zimepitwa na muda wa ithibati yake, za Makerere zikiwamo. Wanafunzi na wahitimu waliingia wasiwasi kuhusu vyeti vyao. Hakuna aliyesema Makerere haifundishi; tatizo lilikuwa la maandiko ya mapitio ambayo hayajafika au hayajashughulikiwa kwa wakati. Hapa kwetu mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Sababu za kila chuo zilikuwa zake na sitaki kuzichanganya na hoja yangu, ila mzazi aliyekwishauza ng'ombe kwa ajili ya ada haulizi sababu.

Kuhusu wadau nitasema kidogo. Tunawaita siku moja, tunawapa rundo la kurasa mia mbili, saa nane mchana tunawauliza mnaonaje. Wanasema iko vizuri, wanasaini mahudhurio. Meneja wa mamlaka ya maji hahitaji kurasa mia mbili. Mpeni ukurasa mmoja wa kozi moja, mmuulize kijana aliyemwajiri karibuni alishindwa kufanya nini wiki ya kwanza. Jibu lake liandikwe kama alivyolisema. Kuuliza hivyo nako ni ujuzi wa kufundishwa, na ungekaa vizuri katika mafunzo haya ninayoyaomba.

Nakuja kwenye jambo ambalo najua ndilo gumu kwenu, nalo ni muda. Makala ya jarida ina pointi zake wakati wa kupandishwa cheo, na kila mmoja wetu anazijua kwa moyo. Andiko la kozi lililokubaliwa, lililochukua miezi minne, katika fomu yetu ya mzigo wa kazi halina hata mstari. Tunajaza majukumu yetu kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupanga na kupima kazi, kama watumishi wengine wa umma. Sijui mwenzangu hata mmoja aliyepangiwa humo "kuandaa andiko la kozi" kama jukumu lenye saa zake. Msipolihesabu, litaendelea kuandikwa usiku wa kuamkia kikao, na aliyeliandika atakuwa yule mkufunzi msaidizi asiye na ubavu wa kukataa. Mkilihesabu, hata kwa kupunguziwa kozi moja muhula wa mapitio, mtashangaa watu watakavyojitokeza. Wahadhiri si wavivu. Wanapeleka nguvu zao panapohesabiwa.

Muda wenyewe tuliobaki nao si mrefu. Wanafunzi walioanza kidato cha kwanza katika mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, Januari 2024 watamaliza kidato cha nne 2027. Baada yao watakuja waliosoma kwa mtaala mpya wa sekondari kwa ujumla wake, na Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeshatamka wazi kwamba elimu yote ielekee kwenye ujuzi. Vijana hao watafika kwetu wakiwa wamezoea kushika vitu. Tukiwapokea na kozi ya mwaka wa kwanza inayoanza na "maana, dhana na umuhimu" kwa wiki nne, tutawarudisha nyuma kwa mikono yetu, na sapu, yaani mitihani ya marudio, tutakazowapa hazitakuwa kosa lao. Kozi zitakazowapokea zinapaswa kuanza kuandikwa sasa, na ukipiga hesabu ya ngazi zote za kupitisha andiko utaona kwamba sasa maana yake ni mwaka huu wa masomo.

Kwa hiyo kabla ya dirisha lijalo la mapitio, kila chuo kichague kitivo kimoja tu cha kuanzia. Wahadhiri wote wa kitivo hicho, profesa hadi mkufunzi msaidizi, wapitie mafunzo ya muhula mzima kwa maandiko yao wenyewe, mkutubi na mtu wa elimu wakiwemo. Wapunguziwe mzigo. Wawasilishe. Kisha maandiko yao yalinganishwe na ya kitivo kingine ambacho hakikufundishwa: yamerudishwa mara ngapi, kwa makosa gani. Kama hakutakuwa na tofauti, nitakuwa wa kwanza kukubali turudi hotelini.

Majibu yenu, hata yakiwa ya kukataa, tunaomba yawe ya maandishi na yabandikwe tunapoweza kuyasoma.

Naomba kuwasilisha.

Mhadhiri, chuo kikuu cha umma,
Nyanda za Juu Kusini